Fundisho juu ya Kulipa Madeni ya Nyumba kwa Njia ya Simu

Soma kwanza: Warumi 13:1–8, Mithali 3:27–28, Luka 14:28–30.

Mwezi huu tutatazama jambo la nyumbani. Labda mtu atasema, Habari za umeme na maji na simu zahusu nini kanisani? Lakini Dakta Luther alipotufundisha sala ya Baba Yetu katika Katekismo Ndogo, hakusema ya kuwa riziki ya kila siku ni chakula cha mezani tu. Alihesabu humo pia nyumba, na shamba, na mifugo, na fedha, na serikali njema, na jirani mwaminifu. Basi mtu aombaye riziki asubuhi, na jioni akaitupa fedha ile ile kwa uzembe, ameomba kwa kinywa tu.

Tena Mtume Paulo, katika sura ile ya 13 ya Warumi, hatenganishi kodi na upendo. Aanza na kumpa kila mtu haki yake, aliye wa kodi apewe kodi, aliye wa ushuru apewe ushuru. Na papo hapo aendelea kusema juu ya kupendana. Kwake yeye kulipa deni ni mlango wa nyumba ya upendo. Atakaye kuingia kwa dirishani, akimpenda jirani kwa maneno huku deni la jirani limelala, hajamwelewa Mtume.

Madeni ya zamani na madeni ya sasa

Wazee wetu wa Unyaturu walijua deni moja kubwa lililotoka nje ya ukoo, nalo ni kodi. Serikali ya Wadachi iliweka kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, rupia 3 kwa kibanda kimoja katika nchi ya bara, na asiye na fedha aliweza kutumwa kazi. Waingereza walipokuja wakaendelea na kodi ya nyumba, kisha na kodi ya kichwa. Mtu alitoka kijijini na fedha yake imefungwa katika ncha ya nguo, akaenda kulipa, akapewa kipande cha karatasi. Karatasi ile ilikuwa kitu kikubwa. Mwanamume aliyekutwa njiani hana risiti aliweza kukamatwa, ijapokuwa amelipa kweli. Kwa hiyo mzee mwenye akili aliitunza risiti yake kuliko alivyoitunza shuka yake. Kodi za namna hii zilidumu kwa majina mengi; ya mwisho, iliyoitwa kodi ya maendeleo, iliondolewa mwaka 2003.

Nimeyakumbusha haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, twaona ya kuwa tangu zamani kulipa kulikuwa na gharama mbili: fedha yenyewe, na safari ya kuipeleka. Ya pili ni habari ya risiti, nasi tutairudia.

Siku hizi madeni ya nyumba ni mengi, nayo ni madogo madogo. Kuna umeme wa LUKU, yaani lipa umeme kadiri utumiavyo. Kuna maji ya bomba, ambayo huku vijijini yako chini ya RUWASA, wakala uliowekwa kwa sheria ya maji ya mwaka 2019, pamoja na vyombo vya maji vya jamii. Kuna michango ya shule, kuna ada ya kijana aliye chuoni, kuna malipo ya Serikali ya leseni na vibali. Deni moja la namna hii halimwangushi mtu. Lakini akiyaendea yote kwa miguu au kwa gari, kila moja kwa siku yake, mwezi umekwisha.

Jinsi njia hii ilivyokuja

Kazi ya kupeleka fedha kwa simu ilianza kwa nguvu katika nchi ya Kenya, Machi 2007, nayo ikaitwa M-Pesa. Mwaka uliofuata, 2008, Vodacom wakaileta kwetu Tanzania. Wengine wakafuata: Airtel Money, na Tigo Pesa ambayo tangu Novemba 2024 yaitwa Mixx by Yas, na HaloPesa. Kwanza watu waliitumia kwa kupelekeana fedha tu, kijana aliye Dar es Salaam amtumie mamaye aliye Mtinko. Baadaye kampuni zikakubaliana fedha ivuke kutoka mtandao mmoja hata mwingine, jambo lililoanza mwaka 2014. Nayo Serikali ikaweka mfumo wake wa malipo mwaka 2017, hata mtu alipaye haki ya Serikali apewe kumbukumbu namba yenye tarakimu 12, akailipe kwa simu au kwa benki bila kumkabidhi karani fedha mkononi.

Jambo hili la mwisho nalisifu. Zamani fedha ilipita katika mikono mingi, na kila mkono una vidole. Sasa alipaye kwa kumbukumbu namba huona jina la deni kabla ya kulipa, na fedha huenda moja kwa moja mahali pake. Amri ya saba yahusu na karani pia, na ni vema kumsaidia karani asijaribiwe.

Hesabu ya safari

Tuhesabu sasa, maana Bwana wetu mwenyewe alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa huketi kwanza na kuhesabu gharama.

Tuseme ndugu mmoja akaa katika kijiji kilicho mbali na barabara kuu ya Singida kwenda Haydom, naye ataka umeme wa shilingi 5,000. Apanda pikipiki kwenda Ilongero, tuseme shilingi 3,000, na kurudi vile vile 3,000. Akifika aona njaa, anywa chai na maandazi, shilingi 1,000. Amenunua umeme wa 5,000 kwa gharama ya 7,000 nyingine. Mtu huyu akiambiwa sokoni ya kuwa kitu cha 5,000 chauzwa 12,000, angepiga kelele. Lakini kwa kuwa fedha imetoka kidogo kidogo, hakuisikia.

Wala hatujahesabu siku yenyewe. Sisi wa Singida tuna masika moja tu katika mwaka, ianzayo karibu na Novemba au Desemba na kwisha karibu na Aprili. Siku moja ya Desemba, udongo ukiwa na unyevu wa kupanda alizeti au mtama, si sawa na siku moja ya Agosti. Aliyeipoteza ile ya Desemba katika foleni hatairudishiwa na mtu. Paulo alipowaambia Waefeso waukomboe wakati (sura ya 5), naamini mkulima amwelewa upesi kuliko mtu wa mjini.

Walakini yafaa kusema kweli yote. Simu nayo ina makato yake. Makato ya kulipa si sawa na makato ya kutoa fedha kwa wakala, wala si sawa katika kila kampuni, tena hubadilika. Mwaka 2021, mwezi wa Julai, Serikali iliongeza tozo juu ya kutuma na kutoa fedha. Watu wakalalamika sana, na Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Basi kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma kiasi cha makato kama kimeandikwa. Na kama hakikuandikwa, tazama salio lako kabla na baada.

Kosa linalokula fedha nyingi kwetu ni hili. Kijana aliye mjini amtumia baba fedha ya umeme. Baba aenda kwa wakala, aitoa yote, akatwa makato ya kutoa. Kisha aichukua ile fedha mkononi, ampa mtu mwingine amnunulie umeme, naye mtu yule ataka asante yake. Fedha imekatwa mara tatu! Kumbe fedha ilikuwa imekwisha kufika ndani ya simu ya baba. Angelipa kutoka humo humo, au kijana angenunua umeme huko huko aliko kwa namba ya mita ya babaye, kisha amsomee zile tarakimu. Namba ya mita haina siri. Yule ajuaye namba ya mita yako hawezi kukuibia, aweza kukununulia umeme tu. Iandike ukutani.

Umeme, na mambo yake

Mita ya LUKU ina namba ya tarakimu 11. Ukiisha kulipa, waletewa tarakimu 20, nawe waziingiza katika mita. Watu wengi wameshangaa wakisema, Jirani yangu amelipa 5,000 akapata uniti nyingi, nami kwa fedha ile ile nimepata chache. Je, mita yangu yaiba? Mara nyingi mita haiibi. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa shilingi 100 kwa uniti moja. Na mteja wa kawaida, shilingi 292. Juu yake iliongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, na asilimia 3 ya kupeleka umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA. Hivyo uniti ya 100 ilikuwa 122, na ile ya 292 ilikuwa 356 na kidogo. Fanya hesabu mwenyewe: kwa 5,000 mteja mdogo alipata karibu uniti 41, na mteja wa kawaida alipata 14 tu. Tofauti ni kubwa mno! Kwa hiyo nyumba ndogo isizoee kuzidi uniti zile 75. Mtu awashaye jiko la umeme na pasi na taa ya uani usiku kucha, akatoka katika daraja la wateja wadogo, amejiongezea gharama karibu mara tatu kwa uniti moja.

Tena tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika malipo ya LUKU kwa nyumba zinazopaswa kuilipa. Aliyekaa miezi mingi bila kununua umeme aweza kukuta fedha yake ya kwanza imeliwa na kodi iliyokusanyika. Asimtukane mwuzaji, asome ujumbe wote, maana umeandikwa ndani yake.

Mnakumbuka pia mwaka 2024, mita zote za namna hii ziliposahihishwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Wateja waliletewa mafungu matatu ya tarakimu 20, wakatakiwa waingize la kwanza, kisha la pili, kisha lile la umeme waliounua. Wazee wengi walidhani ni ulaghai, wakayatupa. Hawakuwa wajinga, kwa sababu ulaghai upo. Lakini hapo twaona kazi ya mwinjilisti. Kama mwinjilisti amesoma habari, akaeleza baada ya ibada kwa dakika mbili, nyumba nyingi hazilali gizani.

Ng'ombe aliyepotea na fedha iliyopotea

Sheria ya Musa, katika Kutoka 23 na tena katika Kumbukumbu la Torati 22, yatuamuru tukimwona ng'ombe wa mtu amepotea, tusijifanye hatukuona. Na kama mwenyewe yuko mbali au hajulikani, tumtunze kwetu mpaka atakapomtafuta. Hata akiwa ng'ombe wa adui! Sisi tulio watu wa mifugo twajua uzito wa amri hii. Ng'ombe wa jirani akiingia zizini mwako jioni, hakuna asemaye kwa haki, Mungu amenibariki.

Lakini fedha ikiingia katika simu kwa makosa, Wakristo wasemaje? Nimesikia kwa masikio yangu watu wa kanisani wakisema, Ni bahati. Si bahati, ndugu. Ni ng'ombe wa mtu. Mtu amekosa tarakimu moja ya namba, fedha ya ada ya mtoto imeingia kwako. Ukiitoa upesi kwa wakala na kuila, umevunja amri ya saba, ijapokuwa hukuinua mkono.

Hapa sharti tuwe na busara ya nyoka pamoja na upole wa hua, kwa kuwa wezi nao wamejua ya kuwa Wakristo hurudisha. Huleta ujumbe wa uongo usemao fedha imeingia kwako, kisha hukupigia simu kwa sauti ya kulia, Mama, nimekosea, nirudishie. Wewe kwa huruma watuma fedha yako mwenyewe, kumbe hakuna kitu kilichoingia. Fanya kama sheria ya ng'ombe isemavyo. Kwanza tazama salio lako, usiamini ujumbe peke yake. Kama fedha imeingia kweli, usiitumie, wala usimtumie mtu anayepiga simu. Piga simu kwa kampuni yenyewe, waambie, Fedha hii si yangu, mrudishieni mwenyewe kwa njia yenu. Hapo umemtunza ng'ombe zizini mpaka mwenyewe aje. Na wewe uliyekosea namba, wasiliana na kampuni mara moja, ukiwa na ule ujumbe wa muamala, kabla yule mwingine hajaitoa.

Ule ujumbe mwingine unaojulikana nchi nzima, usemao fedha ile itume kwa namba hii, usiujibu. Uupeleke kwa namba 15040 iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Na kwa kubonyeza *106# utaona kama kuna namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Haya mawili yafundishwe katika kila mtaa wa usharika.

Namba ya siri ya mjane

Sasa nafika mahali panaponisumbua kuliko pengine pote. Katika mitaa yetu wako wajane na wazee ambao hawasomi, au macho yamekuwa na ukungu. Simu wanayo, maana watoto walio mbali wamewanunulia. Lakini wao wenyewe hawaiwezi. Basi mjukuu ndiye ashikaye namba ya siri, au jirani, au wakala, na mara nyingine mwinjilisti. Fedha yote ya mwanamke yule, ya alizeti aliyouza na ya watoto waliomtumia, iko katika mkono wa mwingine. Naye hana njia ya kujua kama amelipiwa maji au hakulipiwa, mpaka siku ile bomba linapofungwa.

Sisemi wote wahudumuo hivi ni wezi. Wengi wafanya kwa upendo. Lakini upendo usio na ushahidi huleta masingizio, na mwishowe mwinjilisti mwaminifu asemwa vibaya kijijini, asipate la kujibu. Paulo alipopeleka sadaka ya makanisa alitaka ndugu wengine waende pamoja naye, asije akalaumiwa na mtu (2 Wakorintho 8). Kama Paulo aliogopa lawama, sisi ni nani?

Shauri langu ni hili. Mzee ajifunze namba zake nne za siri kwa moyo. Hata asiyesoma ajua tarakimu, maana ahesabu mbuzi. Anayemsaidia amfungulie njia yote mpaka mahali pa namba ya siri, kisha amwachie mzee mwenyewe abonyeze, naye ageuke uso. Kisha amsomee ujumbe wa kampuni kwa sauti, neno kwa neno: kiasi, jina la aliyelipwa, makato, salio lililobaki. Mwinjilisti asikubali kabisa kuambiwa namba ya siri ya mtu ye yote, hata akisihiwa. Akikwisha kuambiwa, amwambie mwenyewe aibadilishe siku ile ile. Kazi hii yataka uvumilivu. Mara ya kwanza itachukua nusu saa. Nayo ni ziara ya kichungaji halisi, kuliko ile ya kunywa chai na kuondoka.

Katika nyumba za mume na mke, neno ni fupi. Mume anayemficha mkewe salio la simu, huku michango ya shule haijalipwa, asimsingizie mtandao.

Mkopo uliofichwa ndani ya simu

Simu ilipayo deni ndiyo hiyo hiyo ikopeshayo. Ukitaka kulipa na salio halitoshi, kuna huduma kama ile iitwayo Songesha, itakayokujazia papo hapo, kisha kukata na ada yake fedha nyingine ikiingia. Kwa shida ya usiku, mgonjwa yuko njiani, yaweza kusaidia. Lakini mtu akinunua umeme kwa mkopo kila mwezi, umeme wake umepanda bei, naye hajui. Mbaya zaidi ni zile programu za kukopesha zisizo na leseni, zinazochukua majina ya ndugu na rafiki zako katika simu, na ukichelewa huwatangazia wote ya kuwa wewe ni mdeni. Benki Kuu ya Tanzania mwezi wa Novemba 2024 ilitangaza majina ya 69 zisizo na ruhusa. Mikopo hii na ndugu zake watu wameiita kausha damu, na jina limekaa mahali pake. Luther aliandika mwaka 1524 juu ya biashara na riba, akawakemea wakubwa wa mji waliowanyonya maskini; angeziona simu zetu angetoa toleo la pili.

Maswali ya darasa

Mwalimu aweza kuyatumia maswali haya katika darasa la watu wazima.

Swali: Je, yafaa kulipa siku ya Jumapili kwa simu?
Jibu: Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu. Lakini si wakati wa mahubiri. Nimewaona.

Swali: Risiti ya karatasi haipo, nitaonyesha nini?
Jibu: Ujumbe wa simu ndio risiti yako, kama kile kipande cha karatasi cha babu zetu. Usiufute. Tena simu huibiwa na huanguka kisimani. Kwa hiyo uwe na daftari la nyumba, uandike tarehe, deni, kiasi, makato, na zile herufi na tarakimu za muamala. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi chache limewaokoa wengi waliodaiwa maji mara mbili.

Swali: Je, sadaka na ahadi zilipwe kwa simu?
Jibu: Yafaa, hasa kwa washarika walio mbali. Lakini zisiingie katika simu ya mweka hazina mwenyewe, hata akiwa mtu mtakatifu, kwa kuwa namba ile imesajiliwa kwa jina lake. Akifa leo, fedha ya kanisa yawa urithi wa kugombewa. Usharika uwe na namba ya kulipia yenye jina la usharika, au hesabu ya benki, na washuhudiaji zaidi ya mmoja. Katika 2 Wafalme 12 twasoma jinsi fedha ya kutengeneza hekalu ilivyowekwa katika sanduku lenye tundu, kisha mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wakaihesabu wakiwa wawili. Tusiwe walegevu kuliko watu wa Yoashi.

Swali: Je, tuache kabisa kulipa kwa mkono?
Jibu: Hapana. Mtandao hupotea, simu huzima. Weka akiba kidogo ya fedha taslimu. Tena mtu aliyekulimia shamba, ambaye hana simu, alipwe mkononi jioni ile ile, kama Walawi 19 ituagizavyo. Usimwambie, Nenda kwa wakala wa mbali, makato juu yako.

Swali: Fedha ya maji ni kidogo tu, nikichelewa kuna dhara gani?
Jibu: Pampu haijui udogo. Kaya hamsini zikichelewa kila moja kidogo, hakuna fedha ya fundi siku pampu inapokufa, nao walioathirika kwanza ni mama na wasichana wenye ndoo, watakaorudi katika visima vya mchanga. Mithali 3 yasema juu ya mtu huyu, anayemwambia jirani, Njoo kesho, na kitu anacho nyumbani. Sasa kulipa ni kazi ya dakika tatu, tena umekaa kitini. Udhuru wa safari umekwisha.

Wainjilisti wa mitaa watakapokutana kwa mafunzo ya mwezi ujao, kila mmoja alete daftari lake la nyumba lililoandikwa wiki nne, na majina ya wazee watatu aliowafundisha kubonyeza namba ya siri wenyewe. Daftari zitatazamwa kabla ya chakula.